Mzabibu wa Kisilu

Nilimwambia Wavinya mara tatu, tena bila mafumbo: mzabibu ule asiuguse. Marehemu mume wangu, Kisilu, aliupanda nyuma ya jikoni miezi miwili kabla ya kufa. Miaka minne haukuzaa hata tunda moja, na mimi sikujali. Nilitaka tu uwepo.

Lakini mke wa mwanangu alikuwa mjuaji. Aliwahi kufanya kibarua kwenye shamba la mizabibu huko Yatta, basi kila asubuhi, akiniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, ni mahubiri.

"Mwaitu, huu umejaa majani tu. Lazima ukatwe kabla ya mvua ndio uzae."

"Kata mkono wako kwanza," nikamjibu.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino, nilitoka misa nikakuta matawi yamelundikwa uani kama kuni. Mzabibu ulibaki shina na vijiti vinne, na kila palipokatwa palidondoka maji, tone baada ya tone. Niliona Kisilu anakufa mara ya pili.

Wavinya alisimama na mkasi wa kupogolea kahawa mkononi. "Ni maji tu, Mwaitu. Mizizi iko hai."

"Rudi kwenu."

Alidhani natania. Niliingia chumbani kwake, nikaitupa mikoba yake mlangoni. Aliipua sufuria ya maharagwe jikoni, akaifunika, akaenda kwao Wamunyu. Mwanangu Mulwa, aliyekuwa kiwandani Athi River, alituma ujumbe kwamba hatakanyaga kwangu mpaka mkewe arudi.

Nikabaki na kisiki changu, na hasira yangu ikinila mwenyewe.

Mvua ikanyesha. Wiki ya tatu vijiti vilichipuka, na kwenye chipukizi moja, moja tu, palikuwa na kishada kichanga cha zabibu, punje zake ndogo kuliko mtama. Nilikaa pale pale kwenye matope nikajitukana. Nilikuwa nimemfukuza mtoto wa watu kwa sababu alijua nisilolijua.

Kwetu mke aliyefukuzwa bila kosa harudishwi kwa maneno; anarudishwa kwa mbuzi, na wazee ndio wanaompeleka. Wazee wetu wangekaa vikao mpaka Krismasi. Nilimfunga mbuzi kamba mwenyewe. Halafu nikaona Wavinya hataniamini hivi hivi, nikachukua ule mkasi, nikafunga ushahidi wangu kwa leso iliyoloweshwa maji.

Kule Wamunyu, Munyiva, mama mzazi wa Wavinya, alinitazama kutoka mlangoni asiseme karibu. Nilisimama juani na mbuzi wangu mpaka Wavinya alipotoka. Nikaifungua leso.

"Mzabibu umezaa," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Alikigeuza kile kishada kiganjani.

"Viko vingapi?"

"Hiki tu."

"Kimoja? Na umekikata?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na mbuzi.

"Sasa, Mwaitu," Wavinya akasema, "mimi nimfukuze nani?"

Nilimnyooshea kamba ya mbuzi. Alimgeukia mama yake, akanigeukia mimi, kisha akaipokea.