Sifuri ya Fien Dhondt

Fien Dhondt alizaliwa haoni, lakini katika darasa lote la mwaka wa pili, pale chuo cha ualimu jijini Ghent, hakuna aliyemfikia kwa kompyuta. Sauti ya mashine yake ilimsomea kila kilichokuwa kwenye kioo, kwa kasi ambayo wenzake waliisikia kama mvumo wa nyuki. Wakikwama, walimwendea yeye kabla ya mwalimu.

Mwalimu mwenyewe, Herwig Baeten, ndiye aliyewafunza jinsi ya kufundisha kwa kompyuta. Alikuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa kushangilia kila kifaa kipya. Mwaka ule chuo kilinunua programu ya ubao mkubwa wa kugusa, na agizo likatoka: kila mwanafunzi afundishe kipindi kimoja cha mtihani kwa programu hiyo, la sivyo hafaulu.

Fien aliifungua nyumbani. Sauti ikamwambia, "Kitufe." Akasogea. "Kitufe." Akasogea tena. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Walioiunda walichora picha nzuri juu ya kila kitufe, wakasahau kukipa jina. Kipi cha kuhifadhi, kipi cha kufuta, Mungu ndiye ajuaye.

Alimwambia Herwig mwezi Oktoba. "Usijali, nitawaandikia kampuni." Akamkumbusha Desemba. "Hawajajibu." Februari, mtihani ukiwa mlangoni, Herwig akamjia darasani kwa furaha, wenzake wote wakisikia.

"Fien, nimelimaliza lile jambo. Nakuandikia msamaha. Hufanyi kipindi, na maksi zako haziguswi."

"Msamaha? Kwani nimekosa nini?"

"Binti, usiichukulie hivyo."

"Niichukulieje? Cheti changu kiseme naweza kila kitu isipokuwa kompyuta? Mimi? Nusu ya hawa nimewafundisha mimi!"

"Kweli tupu!" mtu akadakia kutoka nyuma, wakacheka.

Herwig akashusha sauti. "Basi Siebe akubonyezee. Wewe useme, yeye aguse ubao."

Siebe alikuwa rafiki wa Fien, ameketi kiti cha pili kutoka kwake. Fien alipapasa meza ya mwalimu, akaupata waya wa spika, akauchomeka kwenye mashine yake na kuongeza sauti hadi mwisho. "Kitufe. Kitufe. Kitufe," sauti ikanguruma darasa zima.

"Haya mwalimu, nionyeshe cha kufuta ni kipi. Si wewe mtaalamu?"

"Zima hiyo."

"Sizimi."

"Nina wanafunzi zaidi ya mia, Fien! Siwezi kupindua somo zima kwa ajili ya mtu mmoja!"

Kicheko kilikuwa kimeshakufa. Ndipo Siebe akasema polepole, "Si mmoja."

Kwenye shule aliyopangiwa mazoezi, akaeleza, kulikuwa na msichana wa miaka tisa, Ilke, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. "Wakati wa ubao kama huu huwa nampa karatasi apake rangi."

Fien akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu nianze pale."

"Na kila siku tunakula meza moja. Hukuniambia."

"Niliogopa utakasirika."

"Sasa nimefurahi? Wenzake wanajifunza hesabu, yeye anapaka rangi michoro asiyoiona, na wewe unajiita mwalimu! Nani kakufundisha hivyo?" Akageuka upande wa Herwig. "Au nisiulize?"

Fien akasema mtihani wake ataufanyia kwenye darasa la Ilke, kwa programu nyingine, nyepesi, inayosomeka kwa sauti. Herwig akamwonya kwamba kwa kanuni hiyo ni sifuri.

"Andika sifuri."

Siku ya mtihani akafundisha hesabu za visehemu, nusu na robo. Kila mtoto alikata keki kwenye kompyuta yake kwa vitufe vya mishale. Ilke, vipokea sauti masikioni, alikata ya kwake akisomewa kila kipande. Mara ya kwanza alikosea, akakunja uso, akarudia. Mara ya tatu alitaja jibu kwa sauti kabla ya wote hadi jirani yake akamlalamikia, "We Ilke, tupe nafasi na sisi!"

"Kipindi kizuri sana," Herwig alisema baadaye kwenye korido. "Ila kanuni..."

"Nimekusikia. Andika."

Akaandika. Fien alikwenda kwa mkuu wa idara, akarudi tena, na kila mara akaambiwa jambo linashughulikiwa. Mwezi Juni chuo kikaiacha programu ile kimyakimya, bila kutaja sababu. Sifuri yake haikufutwa. Agosti, wenzake wakiota jua ufukweni Ostend, yeye alirudia mtihani katika chumba chenye joto, akapata kumi na saba kati ya ishirini. Herwig alimpongeza. Fien alimshukuru kwa meno yaliyoumana, akatoka.

Nje alimkuta Siebe na mfuko wa viazi vya kukaanga, vya moto, vyenye sosi ya mayai. Kwa miezi walikuwa wakisalimiana tu. Fien aliupokea mfuko, akala bila kumkaribisha.

"Septemba nani atamfundisha Ilke?" akauliza.

"Sijui. Mimi mazoezi yangu kule yamekwisha."

"Hujui." Akatafuna. "Simu unayo. Piga pale shuleni sasa hivi, nikisikia."

Siebe akatoa simu.