Safu ya Asubuhi

...kwa sababu alama za vema hazidanganyi, zilikuwa mia nne na ishirini na sita, alizihesabu mara mbili, kwanza kutoka juu kushuka chini, kisha kutoka chini kupanda juu, na kila moja ilitiwa na mkono wa mama yake mwenyewe kwa ile penseli iliyofungwa uzi kwenye mlango wa friji, kikombe kimoja cha maziwa kila asubuhi kwa miezi kumi na minne, na bado mfupa wa mkono umekatika kama kijiti, kwa kuteleza tu bafuni, wala si kwa kuporomoka ngazi, sasa hayo maziwa yamesaidia nini, binti alijiuliza, kalamu imesimama juu ya kisanduku cha Jumatatu asubuhi bila kugusa karatasi, maana wino wake haufutiki, ni kalamu ya ofisini ya kuchorea mipaka ya viwanja, na mpaka ukishauchora umeuchora, waulize majirani wanaoburutana mahakamani kwa nusu mita ya bustani... safu nne, siku saba, visanduku ishirini na vinane, ishirini na kimoja vimekwisha kujazwa, mboga, maharage, samaki mara mbili, chumvi kiasi cha ncha ya kijiko, na safu ya asubuhi peke yake ilibaki nyeupe kutoka juu hadi chini, kama shamba lenye kesi. Kesho ndiyo Jumatatu, na yeye leo saa nane anaondoka kurudi kazini, na sebuleni mama amekaa na mkono wake juu ya mto, tangu juzi anakula robo robo, ukimuuliza anajibu, "Nasubiri karatasi," anaitaja karatasi kama mtu anayetaja hukumu, ee Mungu wangu, nani aliwaambia watu hawa kwamba mpima ardhi anajua chakula, lakini katika ukoo huu kusoma ni kusoma tu, ukishavaa joho umekuwa daktari na wakili na fundi wa redio, mjomba mmoja aliwahi kumfungulia mdomo mbele ya wageni amtazamie jino, "Wewe si umesoma?" Naye, badala ya kukataa, alikubali, hilo ndilo kosa lake, alikubali kwa sababu alipenda kuona mambo yamekaa kwenye mistari, na karatasi ile ya kwanza ya chakula, figo za baba zilipoanza kuharibika, aliipanga kama anavyopanga ramani, kijani ruhusa, nyekundu marufuku, kama sukari ya baba, mistari ya mshazari eneo la tahadhari, na ufunguo wake pembeni, safu za baba kushoto, safu za mama kulia, na baba yake alipobandikiwa friji yake kitu hicho alivaa miwani, akaisogelea, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa kaskazini iko wapi hapa, Rula, nisije nikapotelea kwenye viazi?" Rula, jina alilompa akiwa darasa la tatu, alipomkuta anapima mkate ili kaka yake asipate kipande kikubwa... usimfikirie baba sasa, fikiria maziwa. Maziwa. Daktari wa mifupa, yule kijana anayeongea upesi kama anakimbizwa, alisema, "Mama, mifupa yako imekuwa biskuti, maziwa vikombe viwili kwa siku, na mtindi, na jua," na daktari wa moyo, mlango unaotazamana na wake, hatua sita alizihesabu, alisema bila kuinua uso, "Mafuta kwenye damu yamepanda, maziwa, siagi, jibini, viweke mbali," na kila mmoja akaandika kikaratasi chake, ungedhani hawa wawili hawasalimiani kwenye korido, fahali wawili zizi moja, na nyasi ni mama yake. Alikuwa amesoma hadi macho yakamwasha, huyu anasema maziwa ni uhai, huyu anasema mtu mzima anayekunywa maziwa ni sawa na mtu mzima anayenyonya, na wa tatu, mpole, anasema yapo maziwa yaliyopunguzwa mafuta, kunywa hayo, kidogo kidogo, lakini neno hilo "kidogo" ndilo linalomkosesha raha, kidogo si kipimo, kidogo ni mtu kuinua mabega, daktari wa figo alisema hivyo hivyo kuhusu baba, "Maziwa apunguze, kidogo si mbaya sana," naye akaenda nyumbani akalitafuta hilo kidogo lina mililita ngapi, hakuliona popote, basi akachukua rangi nyekundu akafunika. Alikifunika kisanduku cha baba chekundu na cha mama kijani, kikombe kimoja, na safari ya mwisho alipokuja, siku kumi na moja kabla ya msiba, baba alikuwa kwenye kiti kile kile alichokalia yeye sasa, miguu imevimba, akasema, "Rula, nusu kikombe tu, chai hii nyeusi kama nakunywa usiku," naye akafanya nini, akainyooshea friji kidole, kidole tu, na baba akacheka, "Haya, askari wa mpaka," akainywa nyeusi... siku kumi na moja, na huu ni mwezi wa nne, na hakuna asubuhi anayotia maziwa kwenye chai yake mwenyewe bila kukiona kidole kile... fikiria maziwa, acha kidole. Ushahidi uko hapa mezani, karatasi kumi na nne za zamani alizozitoa kwenye droo, mama alikuwa mwaminifu, hata Jumapili, hata siku za msiba wa shangazi, hakuruka siku, na alama ya mwisho ilitiwa asubuhi ile ile gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua baba, kisha visanduku vitupu, hilo linaeleweka. Basi miezi kumi na minne ya maziwa haikuulinda mfupa, na mafuta ya damu yakapanda juu yake, hasara mbili, faida hakuna, hesabu imefungwa, piga mstari, andika chai ya rangi na yai na tunda, daktari wa mifupa akasirike na ubiskuti wake, na kalamu ilishuka kidogo, ikabaki unene wa kucha kati yake na karatasi, na sebuleni simu ikalia.

"Haloo! Haloo, sema kwa nguvu, nimekuweka kwenye spika, sikio langu unalijua," mama alisema, na sauti ya mama mdogo ikajaa nyumba nzima kama amekuja na mizigo. "Dada, hujambo, mkono?" "Mkono upo, umevaa shati la chokaa, unatembelewa kuliko mimi." ...chai ya rangi, lakini chai ya rangi nayo inazuia madini ya chuma, alisoma mahali, je, damu ya mama ikoje, hakuuliza, kwa nini hakuuliza... "Mmeshakula?" "Nasubiri karatasi." "Karatasi tena! Mwenzangu, unaishi na mwanao au unaishi na serikali?" na kicheko cha mama mdogo, kile kinachoanzia tumboni, na mama akashusha sauti, yaani alidhani ameishusha, maana asiyesikia vizuri hunong'ona kwa mlio wa mnada, "Usimcheke mwanangu. Hiyo karatasi ndiyo inayompa usingizi. Mtoto akileta kitu cha kukupenda, unakipokea hata kama hakikuenei." Binti alipata moto usoni... hakikuenei, nini kisichomwenea, vipimo vyote alivitoa kwa uzito wake, kilo sitini na nane na nusu... "Na maziwa ameyaweka? Daktari si kakwambia unywe?" "Ninywe! Tumbo lenyewe limeshayasahau. Tangu shemeji yako aanze kuumwa sijayatia mdomoni." "Wacha we. Si ulikuwa na kikombe chako kila asubuhi?" "Kilikuwa changu kwenye karatasi," mama alisema. "Mezani kilikuwa cha shemeji yako." Na mama mdogo, "Eh! Na zile alama zote ulizokuwa ukitia?" "Nilitia, ndiyo. Kikombe si kilinyweka? Amedanganywa nani hapo?" na sasa walicheka wote wawili, dada na mdogo wake, kicheko cha wasichana walioiba kitu jikoni, na mama mdogo akaanza habari ya mtu mwingine aliyevunjika nyonga, na binti hakusikia tena... kilinyweka. Kikombe kilinyweka. Mia nne na ishirini na sita, robo lita kila kimoja, lita mia moja na sita na nusu, alikokotoa kabla hajajizuia, akili yake iko hivyo, nyumba ikiungua itahesabu madirisha kwanza, lita mia moja na sita na nusu ndani ya mtu ambaye figo zake... mama, umefanya nini, umemuua, hapana, usiseme neno hilo hata kimoyomoyo, na nani alikitia rangi ya kijani kikombe hicho na kukiweka umbali wa kiwiko kutoka kwa mgonjwa, nani alidhani mstari wa kalamu unaweza kupita katikati ya meza ya watu waliolala kitanda kimoja miaka thelathini na sita, "kidogo si mbaya sana", lile neno lililomkera, labda lilikuwa na maana yake, labda daktari aliwaona wawili hao wamekaa benchini wamebebeana mkoba akajua hawatapimika, hajui, hatajua kamwe, figo zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uliotangulia, hilo nalo daktari alilisema, kwa nini anakumbuka nusu ya maneno ya watu... na taratibu, likaja jambo jingine, lilikuja kutoka nyuma kama mtu anayekuziba macho kwa viganja, siku ile, nusu kikombe tu, Rula, ilikuwa saa ngapi, saa tano, saa tano na nusu, friji ilikuwa inaunguruma kama sasa, na mama alikuwa amesimama pale kwenye sinki amewapa mgongo, mabega yanatikisika, yeye alidhani analia, akatoka uani asiyaone machozi hayo, akayabeba mabega hayo miezi minne... mama alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka! Maana mzee alishakunywa chake asubuhi, kikombe kizima, na alikuwa anaomba cha pili, kwa uso ule wa yatima, mwongo mkubwa yule, mzee mwenye miguu kama magogo na bado anamfanyia mzaha askari wa mpaka, na kidole chake kilichonyooshewa friji hakikumnyima mtu chochote, kilinyooshewa friji tu. Alitaka kucheka, alitaka kukasirika pia, alikuwa na haki ya kukasirika, miezi minne hiyo nani atamrudishia, wangemwambia, neno moja tu siku ya mazishi, "Usijali, alikuwa anakunywa," lakini wangemwambiaje mtu ambaye analala vizuri kwa sababu ya karatasi, na akazitazama zile karatasi kumi na nne, na hazikuwa zile zile, ushahidi wote ulikuwa umehama mwenyewe, si mifupa ya mama tena, ni baba, kila alama ni baba ameamka, hii nzito ni siku alipoamka na nguvu, hii iliyopinda labda alichekesha mtu wakati penseli inaandika, na hii ya mwisho, nyembamba, gari la wagonjwa liko nje, hata hiyo, hata asubuhi hiyo... na mama miezi kumi na minne chai nyeusi, na mfupa unapungua kimya kimya, akisema, "Nimeshakunywa, mwanangu, nimeshatia alama." Basi nini kinajulikana. Hakuna kinachojulikana. Maziwa hayakushindwa kuulinda mfupa, hayakuwahi kufika. Na mafuta ya damu hayakutoka kwenye kikombe hicho. Kwa hiyo andika maziwa, yale yaliyopunguzwa mafuta, kikombe kimoja, mtindi jioni, madaktari wote wawili waridhike, ni rahisi, mtu mwingine yeyote angekwisha kuandika, na alikuwa karibu kuandika, kisha akaiona asubuhi ya kesho ilivyo, mama peke yake na mkono mmoja, anafungua pakiti kwa meno, anamimina, kikombe kiko mezani, cha kijani, chake, na safari hii hakuna wa kumsogezea. Tumbo limeshayasahau, alisema. Labda ni tumbo. Labda tumbo linayakumbuka vizuri kabisa... na hilo ni rangi gani kwenye ufunguo, Rula, hilo lina mililita ngapi.

"Haya, mdogo wangu, nakuacha, tusije tukamaliza pesa zako zote kwa uzushi," mama alisema, lakini hakukata, hajui kukata kwa mkono wa kushoto, na mama mdogo aliendelea kupumua ndani ya spika. "Mwanangu! Umemaliza huko?" "Bado, mama." "Inakutesa nini leo? Ile ya kwanza uliimaliza kabla chai haijapoa." Kalamu ilikuwa pale pale, unene wa kucha juu ya Jumatatu, mkono ulianza kufa ganzi, na alijua kuna maswali ya kuuliza, mtu mwenye akili angeuliza kuhusu tumbo, kuhusu choo, kuhusu usingizi, angeuliza unataka nini asubuhi, mama, kwa kinywa chako, na atauliza, yote hayo atauliza, bado kuna saa nne nzima, lakini mdomo wake ulikwisha kufunguka wenyewe. "Mama, kile kikombe chake cha asubuhi... ulikuwa unamtilia sukari?" Ndani ya spika mama mdogo akanong'ona, "Yesu wangu, kumbe yupo hapo," na sebuleni ukapita muda wa mtu anayeamua kama atasema kweli au atatia alama, kisha sauti ya mama ikaja, ndogo, sauti ambayo alikuwa hajaisikia kwa miezi minne. "Vijiko viwili," mama alisema. "Jumapili vitatu."