Kuaga Katika Mwaka wa Pili

Kabla hamjaniuliza mwanangu Davion aliitwa wa ngapi siku ile timu za kulipwa zilipochagua vijana, au kama aliitwa kabisa, jueni kwamba sisemi. Angeitwa wa kwanza mngesema Verlene Tibbs ana akili. Asingeitwa mngesema Verlene Tibbs kampoteza mtoto. Akili yangu haingoji mtu asome majina kwenye televisheni. Mimi nawaambia habari za Jumamosi ile uwanjani, maana hizo ndizo mnazozipotosha.

Najua mnachosema. Saluni yangu iko nyuma ya chuo, na mwanamke akishalaza kichwa kwenye sinki anasahau kwamba anayemuosha nywele ana masikio. "Mtoto wa Verlene ana pupa." "Mtoto wa Verlene sifa zimempanda kichwani." Hapa Harlow Forks mpira wa kikapu tunauabudu. Mchungaji akirefusha mahubiri siku ya mechi, wazee wa kanisa wanaanza kukohoa mmoja mmoja mpaka afunge Biblia. Kwa hiyo kijana wa mwaka wa pili, anayefunga vikapu kuliko wote, akisema anapeleka jina lake kwenye ligi ya kulipwa badala ya kumaliza miaka minne, watu wanasema amekimbia. Kakimbia nini? Mwanafunzi wa piano akipata kazi ya kupiga piano, kuna anayesema amekimbia? Thubutu! Wanamfanyia sherehe.

Ubaya ni kwamba hata nyumbani nilikuwa peke yangu. Mume wangu Clovis alichezea chuo hicho hicho. Timu za kulipwa zilimtaka akiwa mwaka wa tatu, mji mzima ukamwambia baki umalize, akabaki. Mwaka wa nne goti likaharibika na hakuna timu iliyopiga simu tena. Sasa anafunga matairi kwenye gereji ya shemeji yake, na picha yake imetundikwa kwenye korido ya uwanja, karibu na vyoo. Mtadhani mtu wa namna hiyo angemwambia mwanawe aondoke mbio. Ah wapi! "Mimi nilimaliza," alikuwa akisema. "Sisi kina Tibbs tunamaliza." Nampenda Clovis, lakini neno hilo lilikuwa limenichosha mpaka nikilisikia sahani zinanitoka mikononi.

Jumapili kabla ya mechi, Kocha Hagedorn akaja kula kwetu. Alishawahi kuja mara moja, wakati anamtaka Davion kwenye timu yake, akala kuku wangu wa kukaanga na sukuma wiki na makaroni ya jibini, akaniahidi kwamba mtoto atatoka na shahada. Safari hii alikaa kiti kile kile.

"Bi Verlene, mkono huu ungefungua hoteli."

"Ongeza kuku, kocha. Halafu useme kilichokuleta."

Akacheka, akajifuta mdomo. "Mwaka mmoja tu. Davion bado hajakomaa. Akibaki, mwakani ataitwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa."

"Na akiumia?"

"Mungu apishe mbali."

"Mungu nimeshamwomba. Sasa nakuuliza wewe."

"Verlene," Clovis akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Niache, Clovis. Mgeni nimeshamlisha, acha nimuulize."

Kocha akamgeukia mume wangu, kwa kuwa alijua upande wenye ulaini. "Clovis, wewe ni mfano wetu. Wewe ulimaliza. Na mimi nilimuahidi mama huyu shahada."

"Shahada haina miguu," nikasema. "Chuo kitakuwepo Davion akiwa na miaka arobaini na tumbo. Atarudi akasome. Lakini magoti ya miaka ishirini anayo sasa hivi."

Davion muda wote alikuwa anakula tu. Huyu mtoto ni mpole, hata akinikasirikia huniita mama mara mbili badala ya kupaza sauti. Akaweka uma chini. "Kocha, jina langu nalipeleka. Na Jumamosi nitatembea na wale wanaoaga."

Basi hapo kocha akaacha kutafuna. Maana mechi ya mwisho ya nyumbani, kila mwaka, ina desturi yake. Wachezaji wa mwaka wa nne wanaingia uwanjani mmoja mmoja wameshikana mikono na wazazi wao, mama anapewa maua, na mchezaji wa zamani aliyemaliza miaka yote anawakabidhi jezi zao zikiwa ndani ya fremu. Siku hiyo hata yule wa mwaka wa nne ambaye kutwa anagawa maji anaanza mechi. Watu hulia kweli kweli, na wanaume ndio wanaoongoza.

"Hiyo ni siku ya waliomaliza," kocha akasema.

"Ni siku ya wanaoondoka. Mimi naondoka, na ninataka kuaga vizuri. Sitaki watu waje kusoma kwenye gazeti kwamba nimetoroka."

Kocha akasukuma sahani. "Sikiliza, kijana wangu. Ukikanyaga uwanja na hao, utakaa benchi mechi nzima. Wasaka vipaji wa timu za kulipwa watakuwepo, wamekuja kwa ajili yako. Wakiuliza kwa nini huchezi, nitawaambia ukweli, kwamba wewe ni mtoto asiyeambilika. Baada ya hapo tuone nani atakuita."

Akainuka, akashukuru kwa chakula. Nikamfungia na kipande cha pai ya viazi vitamu, maana adabu ni adabu, lakini nilikichagua kile kilichoungua pembeni.

Katikati ya wiki chuo kikampigia simu Clovis. Mwaka huu yeye ndiye wa kukabidhi fremu. Alivyofurahi! Akatoa suti, akaanza kupiga viatu rangi.

"Clovis, huoni? Wamekuweka pale ili mwanao akuone aone haya."

"Wameniheshimu, mke wangu."

"Haya, heshimika."

Hatukusemeshana mpaka Jumamosi.

Jumamosi theluji ilikuwa imeganda barabarani na uwanja umejaa pomoni saa sita mchana. Nilivaa gauni langu la zambarau na kofia ya Pasaka. Mimi na Davion tukasimama kwenye lango la kuingilia, nyuma ya vijana wanne wa mwaka wa nne na wazazi wao. Kocha akatujia, uso mwekundu.

"Davion, hii ni mara ya mwisho naongea. Rudi ukakae na wenzako."

Sasa nawaambia kitu ambacho hamkijui. Niliogopa. Mimi na domo langu lote. Niliwaona wale wasaka vipaji wamepanga mstari na vikombe vyao vya kahawa, nikafikiri, mtu mmoja kati ya hao akikunja uso tu, maisha ya mwanangu yamekwisha kwa sababu mama yake alitaka kujionyesha na kofia. Nikamvuta mkono. "Mwanangu, labda tukae tu. Utaondoka kimya kimya, kuna ubaya gani?"

"Mama," akasema. "Mama. Umeshavaa. Twende."

Mtangazaji akasoma jina la nne, makofi yakapigwa, bendi ikanyamaza. Wakadhani yamekwisha. Ndipo tukatoka sisi, hakuna jina, hakuna ngoma, viatu vyangu tu vinagonga sakafu ya mbao. Kwanza watu wakapigwa na butwaa, halafu wakaelewa, wakaanza kuzomea. Nikamwona Odessa, mteja wangu, nywele nimemtengeneza mwenyewe jana yake zikamkaa vizuri, kaweka viganja mdomoni anazomea. Nikamwambia kimoyomoyo: Odessa, Jumanne kichwa chako kitakuwa mikononi mwangu tena. Nikainua kidevu. Hofu yote ilinitoka pale pale, ikabaki hasira, na hasira mimi naiweza.

Clovis alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Fremu zote nne zilikuwa zimekwisha. Alipotuona tunamjia alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo.

"Sina kitu chako hapa," akamwambia mwanawe.

"Najua, baba. Nimekuja kuaga tu."

Wakapeana mikono. Clovis hakuuachia ule mkono upesi, lakini alipouachia akabaki pale pale na suti yake, na mimi nilimkasirikia zaidi ya nilivyowakasirikia waliokuwa wakizomea.

Mechi ikaanza. Davion akakaa mwisho wa benchi na taulo shingoni, mimi kiti cha nyuma yake kabisa. Tukawa tunapigwa. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, Clovis akaondoka kwenye viti vya wageni wa heshima, akashuka, akakaa benchi, ubavuni mwa mwanawe. Msaidizi wa kocha akamkimbilia.

"Mzee, samahani, hapa ni wachezaji tu."

"Picha yangu iko kule kwenye korido," Clovis akasema. "Nendeni mkaitundue kwanza, halafu mje mniondoe mimi."

Yule msaidizi akarudi mahali pake. Nilitamani kucheka lakini bado nilikuwa nimenuna.

Zilipobaki dakika kumi, mambo yakiwa mabaya na watu wameanza kuvaa makoti, Kocha Hagedorn akageuka. Hakuwatazama wasaka vipaji, hakunitazama mimi.

"Davion! Ingia."

Mtoto akainuka bila kufikiri, kama walivyozoezwa wote. Clovis akamshika bega, akamrudisha chini.

"Hainuki," akasema.

"Clovis, sijaongea na wewe."

"Mimi naongea na wewe." Sauti ilikuwa ya chini, lakini nilisikia kila neno. "Siku yangu ya kuaga goti lilikuwa limevimba tangu Alhamisi. Daktari alinikataza kucheza. Kocha wangu akasema ingia, nikainuka. Hata sikumuuliza. Nilidhani huko ndiko kumaliza."

Jamani. Miaka yote ya ndoa yetu mtu huyu aliniambia kwamba aliteleza. Aliteleza kwenye jasho, sakafu haikufutwa vizuri, bahati mbaya tu. Nimeshampaka dawa goti hilo usiku usiohesabika, na kila mara tulimlaumu mfuta sakafu. Nilitaka kumpiga na pochi, nilitaka kumkumbatia, nikakaa tu nimeshika kofia.

Davion akamtazama baba yake. "Baba, mimi magoti mazima. Na wenzangu wanapigwa siku yao ya mwisho."

"Unainuka kwa ajili yao, au kwa sababu huyu ameita?"

"Kwa ajili yao."

"Basi nenda."

Akaenda. Mliokuwepo mlimwona, sina haja ya kuwasimulia. Tulikuwa nyuma kwa mbali, tukawafikia, tukafungwa kwa kikapu kimoja, na wale vijana wanne wakamkumbatia Davion wanalia. Waliokuwa wakizomea walisimama wote wakapiga makofi. Odessa alinipungia mkono. Sikumjibu.

Kwenye korido, chini ya zile picha, kocha akatukuta. Alikuwa amelainika, mkono begani kwa mwanangu kama baba wa pili. "Umewasikia watu? Hapa ni kwenu. Ya leo tumeyasahau. Mwaka mmoja tu, Davion." Halafu akamgeukia mume wangu. "Mwambie, Clovis. Mimi naweza kupiga domo mpaka kesho, lakini wewe ndiye unayejua maana ya kumaliza."

Clovis alikuwa ameegemea ukuta, anapumzisha mguu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana anaondoka."

Kocha akautoa mkono begani kwa Davion. Davion akamshukuru kwa miaka miwili, akamwambia neno hilo kwa adabu, na alilimaanisha. Mimi nilienda kwa mume wangu, nikamwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo mkubwa, kwamba tutaongea nyumbani, halafu nikampa bega langu aegemee. Tukatoka watatu kwa mlango wa mbele, ule wa mashabiki, na watu wakatupisha.