Fulana za Jadebe

Siku ile mjinga alikuwa Zadock, na heri lisemwe mapema, asije mtu akadhani anafichwa. Hata yeye mwenyewe ukimuuliza, atakohoa kidogo, atatazama ziwa kama mtu anayetafuta mtumbwi wake, kisha atakubali.

Zadock alikuwa mchora mitumbwi pale Kisegi. Fundi akimaliza kupigilia mbao, ni yeye aliyeitwa. Aliupiga mtumbwi rangi ya kwanza, akaupiga ya pili, akaandika jina ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, kisha akaumalizia kwa vanishi, tena na tena, mpaka maji yakose pa kuingilia. Wavuvi wa visiwani walivuka kumfuata yeye. Ila hakuwa amewahi kupaka rangi kitu kinachovaliwa, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Mwaka huo gari la sinema la serikali lilikuwa limefika Kisegi mara moja tu. Lilitundika shuka jeupe, likaonyesha habari za kilimo cha pamba, watu wakapiga miayo mpaka taya zikauma. Halafu, kama kifuta jasho, likaonyesha filamu ya mtu wa chuma kutoka nyota nyingine, mwenye macho ya taa na waya kichwani, anayetembea kama aliyemeza mlingoti. Neno roboti lilikuwa halijafika ufukweni. Watu walimwita Jadebe, yaani mtu wa debe, na jina likamkaa. Basi Jadebe ameshikwa na adui zake, mlango wa chombo chake unafungwa, moto unamkaribia mgongoni, na jenereta ya gari ikakohoa ikazimika. Haikuwaka tena. Gari likaondoka na nusu iliyobaki.

Kuanzia hapo Kisegi haikuwa na raha. Wavuvi walibishana katikati ya ziwa kama Jadebe ameungua au ametoka, mpaka siku moja nyavu zikachukuliwa na mkondo huku wenyewe wananyoosheana vidole. Filister ndiye aliyewakusanya. Huyu alikuwa mke wa kaka yake Zadock, mwenye cherehani kwenye baraza ya duka na ulimi usio na breki. Alianzisha kilabu cha kumsubiri Jadebe, Zadock akajiunga, na Javan mvuvi akajiunga, jitu la mabega ambalo kwenye sinema lilikuwa limelia na kusingizia moshi.

Siku moja ikaja habari kwamba afisa wa sinema ataongeza kituo kimoja cha gari, na hapo ndipo nusu ya pili ya Jadebe itakapoonyeshwa. Walioomba walikuwa wawili, Kisegi na Migori. Kila upande ulete watu wake Homa Bay Jumamosi, kwenye uwanja wa maonyesho, afisa ajionee kwa macho nani anaitaka kweli. Migori walikuwa na maduka, barabara ya mpakani na mahoteli yenye redio. Tena ikasemekana wametengenezewa fulana Kisumu, nyeupe pe, zenye picha ya Jadebe kifuani. Kisegi wakajiona wameshindwa kabla ya kupanda lori.

Zadock akasema wamwachie yeye. Kila mtu akamletea fulana yake nzuri, na usisahau kwamba wakati huo mtu alikuwa na fulana nzuri moja. Ya Javan ndiyo aliyovaa siku ya kulipa mahari. Filister alimshauri shemeji yake ajaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Zadock akamjibu kwamba mtu anayepaka rangi vitu vinavyoelea hawezi kushindwa na pamba.

Akazifanyia zile fulana alivyozoea kufanyia mitumbwi. Hakuchora Jadebe mdogo kifuani. Aligeuza fulana nzima kuwa kiwiliwili cha Jadebe, rangi ya bati, yenye misumari, vitufe na saa za kupimia joto. Rangi ya kwanza, rangi ya pili. Na kwa kuwa mtumbwi una mbavu mbili, akachora mbele akachora na nyuma. Mikono nayo hakuiacha. Kisha, kwa kuwa kitu kisichopigwa vanishi kwake kilikuwa bado hakijamalizika, akapiga vanishi, akasubiri, akapiga nyingine. Akazianika juu ya nyavu za kukaushia omena, dagaa wa ziwani, jua la Kisegi likafanya kazi yake.

Ijumaa jioni kilabu kizima kilikuja kuchukua fulana. Zilikuwa zimesimama. Hakuna aliyezishika, hakuna aliyezitundika, zimesimama zenyewe mchangani kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Javan aliigonga ya kwake kwa kidole, ikalia. Kifua kilikuwa kimegandana na mgongo, ikabidi atenganishe kwa kisu cha kupasulia samaki aina ya mbuta. Alipofaulu kuivaa, mikono yake ilibaki imenyooka mbele kama mtu anayeomba kubebwa.

"Omera, ndugu yangu," Javan akamwambia Zadock polepole, "mimi nilikupa nguo. Umenirudishia mtumbwi."

Hakuna aliyecheka. Zadock alitazama zile nyuso na kwa mara ya kwanza maishani akatamani kuwa mtu wa kazi nyingine. Alikuwa ameharibu nguo za watu, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba Migori wangechukua gari, na Kisegi ingezeeka bila kujua kama Jadebe alitoka kwenye ule moto.

Wengine walitaka kubaki nyumbani. Filister akasema lori limeshakubali kuwachukua, na aibu ya kubaki ni ile ile ya kwenda, ila ya kwenda ina matembezi. Yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuvaa yake.

Walipita bonde la Lambwe wakiwa wamesimama nyuma ya lori, maana kukaa kulikuwa hakuwezekani. Mbung'o wa Lambwe wakaja kwa wingi kama kawaida yao. Wakatua kifuani, wakachoma, wakashangaa, wakahamia shingoni. Javan akasema angalau fulana zimepata kazi moja, mbung'o hawazipenyi.

Homa Bay walikuta Migori wamekwisha tangulia uwanjani. Mkubwa wao alikuwa Cephas, muuza vitambaa, mtu msafi mwenye nywele zilizopasuliwa njia kwa kitana. Fulana zao zilikuwa nzuri, hapo hakuna ubishi, laini, zimekaa mwilini. Waliimba, wakapiga mguu chini, wakakata kiuno. Watu wakapiga makofi. Lakini kila walipoinama, Jadebe wa kifuani alikunja uso kama aliyeumwa na tumbo, na mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu akauliza kwa sauti huyo mgonjwa ni nani.

Afisa, aliyekuwa amesimama kando ya gari lake la sinema, akaita Kisegi. Zadock alikuwa ameshaamua. Atashuka, ataenda kwa afisa, atasema ukweli kwamba fulana zimeharibika na kosa ni lake, basi warudi. Alikuwa na maneno yote mdomoni. Tatizo lilikuwa kushuka.

Mtu asiyeweza kukunja mkono wala kiuno hashuki kwenye lori kama wengine. Turnboi, yaani utingo wa lori, na dereva iliwabidi wamwinamishe Javan kama ubao, wakamtelemsha miguu kwanza, wakamsimamisha. Akasimama. Akageuka kutafuta wenzake, na kwa kuwa kiuno kilikuwa hakigeuki, aligeuka mzima, hatua moja, hatua ya pili, vanishi ikilia kwapani, kwa, kwa, kwa.

Mtoto mmoja akatupa muwa wake akakimbia. Muuza njugu akasema jina la Yesu na kurudi nyuma, akiwa amesahau njugu zake.

Wakashushwa wote, mmoja baada ya mwingine. Zadock akaanza kwenda kwa afisa kuomba msamaha, na wenzake, kwa kudhani ndiyo amri, wakamfuata kwa safu moja, mikono mbele, shingo zimenyooka, jua likimulika yale mabati mpaka watu wakakinga macho. Filister, aliyekuwa nyuma yake, alijua fika shemeji yake anaenda kusema nini.

"Nyamaza, shemeji," akamnong'oneza. "Ukifungua mdomo leo, hutaonja ugali wangu tena."

Zadock akafika mbele ya afisa na akanyamaza. Afisa, kwa adabu, akanyoosha mkono kumsalimia. Mkono wa Zadock ulikuwa juu kidogo na hautelemki. Basi akauleta kwa njia pekee iliyobaki. Aliinamisha mwili mzima kutoka visiginoni, kama mlingoti unaolazwa, mpaka kiganja kikakutana na kiganja. Kisha akarudi wima. Kwa, kwa.

Afisa alimtazama. Akajaribu kujizuia, mashavu yakamvimba. Mwishowe akakaa kwenye ngazi ya gari la sinema, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na uwanja wote ukalipuka pamoja naye. Watu walirusha kofia, wakapiga mbinja, wakaimba jina la Jadebe hadi wauza samaki wa ufukweni wakapanda mbio kuona kuna nini. Waliomba Kisegi wazunguke uwanja. Wakazunguka. Wakaombwa tena. Zadock alitembea mbele, amenyooka, na ingawa hakuwa na namna ya kutembea vingine, siku hiyo hata bila fulana angenyooka vile vile.

Afisa alipopata pumzi alisema hahitaji kufikiri. Gari litakwenda Kisegi, na Jadebe atamaliziwa huko.

Cephas akaja mbio, fulana yake laini ikipepea. Akalalamika kwamba hawa hawakuigiza chochote, ni rangi ya mitumbwi imewagandia, hata dereva wao amekiri. Afisa akasema yeye aliambiwa atazame nani anampenda Jadebe, na hajaona mwingine aliyekubali kugeuka debe kwa ajili yake. Cephas hakutosheka.

"Lakini Bwana Afisa, waangalie. Hawawezi hata kukaa chini. Hiyo sinema wataitazama vipi?"

Filister akageuka, mzima, hatua moja, hatua ya pili, mpaka akamkabili.

"Sisi tutaitazama tumesimama," akasema. "Nyinyi mnaoweza kukaa, kaeni. Sijui tu mtakuwa mnatazama nini."