Walioshona kwa Masikio

Alikuwa ameshafika chini ya ngazi, kapu kichwani, mama yake mgonjwa kamshika mkono, na sisi tumesimama dirishani tukijifanya tunaangalia mawingu. Hakuna aliyeshuka kumpokea mzigo. Funguo za chumba cha uani zilibaki mezani kwa msimamizi, maana chumba kile kilikwenda na kazi: ukiacha kushona, umeacha na pa kulala.

Mimi nimezunguka huku na huko, na elimu yangu ni ya kuokoteza. Pale kwenye karakana ya kujalidi vitabu nilikuwa nakata karatasi ngumu za majalada. Yule mwanamke tulimwita Bondeni, kwa kuwa watu wake wanaishi bondeni, kunakoteremkia maji machafu ya mji. Jina alikuwa nalo, kapewa na wazazi kama sisi sote, ila pale halikupata wa kulitumia. Watu wa bondeni, ilisemwa, wana mkono mrefu. Akipita, mikoba ilisogezwa. Ilisogezwa kwa adabu, lakini ilisogezwa.

Shule moja ilituletea nakala mbili za riwaya moja ya zamani, zimechakaa, tuzifumue na kuzishona upya. Riwaya yenyewe ilimhusu mchukuzi aliyeshtakiwa kwa kosa asilolifanya, na kila mtu kitabuni akamwona mkosaji kwa sababu ya ukoo wake tu.

Kwetu kazi ilikwenda hivi. Kurasa za kitabu hukaa mafungu mafungu, na mzee tuliyemwita Sauti alisoma fungu moja moja, ili mikono isichoke. Fungu alilolisoma alimpa Shemeji, mke wa mdogo wake msimamizi, aliyeshona nakala ya kwanza. Pacha lake, fungu lilelile la nakala ya pili, bila kulisoma, aliliweka mezani kwa Bondeni, aliyeshona ya pili. Hakuna aliyehesabu. Walishona kwa masikio: hadithi ikienda sawa, basi kitabu kiko sawa.

Siku ya hukumu ya mchukuzi, Bondeni alikuwa amekwenda chumbani uani kumpa mama yake dawa. Sauti alisoma, na karakana nzima ikalia. Mzee Gundi, aliyekuwa akipaka gundi migongo ya vitabu, alipenga kamasi kwenye aproni yake akasema dunia haina haki. Wakaomba hukumu isomwe tena. Ikasomwa, kazi ikaendelea.

Asubuhi yake Bondeni, ambaye peke yake alikuwa na tabia ya kutazama namba za kurasa, alisema fungu la hukumu halimo kwake. Kusema kwake ndiko kulikomponza.

Tulitazamana, kisha tukamtazama yeye. Mzee Gundi alidai watu wa bondeni huchoma maandishi wakayafanyia uganga. Shemeji akasema labda hukumu ya mchukuzi imemchoma moyo, kaificha. Mimi nilimshuku Mzee Gundi, kwa kuwa mpwa wake alikitamani kiti cha Bondeni cha ushonaji. Nikashinda namchunga mikono. Naye akawa ananichunga mimi. Hata paka wa karakana siku ile alitazamwa vibaya. Lakini kapu lililomwagwa lilikuwa moja. Kilitoka kitana, kipande cha sabuni na chupa ya dawa.

“Kapu langu mmelimwaga,” alisema. “Ya wenzangu mtayamwaga lini?”

Msimamizi akamwambia asilete siasa kazini. Sauti, mtu mpole kwa kweli, alimvuta kando, lakini koo lile halikujua kunong'ona, tukasikia sote.

“Dada, lirudishe tu. Hatutauliza chochote.”

“Kaka, kitu nisichokichukua nikirudishe kutoka wapi?”

“Basi sema uliliweka vibaya. Tutakusamehe.”

“Mnisamehe nini?”

Hapo ndipo msimamizi alipotaka funguo.

Kitabu cha Shemeji wakati huo kilikuwa kimebanwa kwenye mashine, gundi inakauka. Hakuna aliyefikiria kukifungua, kazi ya Shemeji haikaguliwi. Kikaenda shuleni kimependeza kama bwana harusi, cha Bondeni kikabaki karakana.

Likizo ilipokwisha, mwalimu alikirudisha huku anacheka. Wanafunzi, alisema, wanauliza kwa nini yule mchukuzi anahukumiwa mara mbili. Hakupata wa kucheka naye. Mafungu mawili ya hukumu yalifuatana, yameshonwa kwa uzi mmoja. Sauti aliketi chini. Mara ya pili alikuwa amelichukua fungu la Bondeni akalisoma, kisha mkono ukafuata mazoea: kilichosomwa ni cha Shemeji. Na Shemeji akashona, macho yamejaa machozi.

Msimamizi alilifumua fungu lililozidi, akalihamishia kwenye nakala ya Bondeni, akazirudisha nakala zote mbili. Zipo shuleni, zinasomwa. Alimtuma mtu bondeni kumwita arudi, mara moja tu. Bondeni akajibu kwamba kiti kile hakitaki tena. Anashona magunia kwa mfanyabiashara wa nafaka. Mama yake alifariki mwaka uleule. Mpwa wa Mzee Gundi alipewa kiti, hakukiweza, akaacha. Mzee Gundi mwenyewe aliacha kazi kwa ugonjwa wa kifua. Shemeji amehamia chumba cha uani. Sauti bado anasoma, siku hizi magazeti. Mimi niliondoka kiangazi kilipoanza.