Mnunuzi Akiondoka Huitwa

Elie alikuwa na ugonjwa mmoja ambao Kampala nzima haina dawa yake: Butembo, mji wa kwao Kongo. Akinywa chai, ya Butembo ilikuwa na maziwa zaidi. Mvua ikinyesha Ntinda walikokaa, ya Butembo ilinyesha kwa adabu. Mdogo wake Annick alikumbuka vizuri kwamba kaka huyu, walipokuwa Butembo, aliilalamikia chai ileile na mvua ileile. Lakini mgonjwa habishiwi.

Desemba ugonjwa ulipanda kichwani. Kwao Noeli haikuanzia kanisani, ilianzia sokoni. Mwenye nyumba alikwenda na mkewe kununua kikwembe, kitenge kimoja cha kuwatosha wote, na siku ya sikukuu familia nzima ilitoka imevaa ua moja, kuanzia nyanya hadi mtoto wa mgongoni. Familia iliyotoka na rangi tatu ilisemwa: pale pamevunjika. Tangu baba yao afariki hawakuwa wamevaa kikwembe kimoja, na kanisani, kwa Wakongomani wenzao, minong'ono ilikuwa imeshaanza. Mwaka jana mama yao, Marie-Jeanne, alikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka.

Mwaka huu alimkabidhi Elie pesa. "Wewe ndiye mwanaume wa nyumba. Fundi anataka kitambaa leo, kesho hapokei tena. Nenda na dada yako."

"Annick wa nini?"

"Wa kubeba," alisema mama, na hakucheka.

Walizunguka maduka ya chini ya soko la Nakasero mpaka jua likawa utosini. Elie alitia kasoro kila kitambaa, hadi alipoingia kwa Nusura, mwanamke ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani na kusahau kurudi. Hapo ndipo alipokiona: cha kijani, chenye mikia ya tausi. Kilikuwa kimebaki hichohicho.

"Mama, hiki bei gani?"

Nusura akataja bei.

Elie akacheka kicheko cha puani alichorithi kwa baba yake. "Hiyo ni bei ya kitambaa au ya duka?"

"Ya kitambaa, kijana wangu. Duka ni la urithi, haliuzwi."

Annick akageuka kuficha meno.

Elie akataja bei yake. Akasema rangi itachuja. Akasema tausi hawa wanafanana na kuku walionyeshewa. Nusura aliendelea kukunja vitambaa vingine bila kukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Elie. Muuzaji wa Butembo angekuwa ameshaapa kwa kaburi la mama yake. Angesema wanawe watalala njaa. Angemwita mwizi, na wote wawili wangefurahi.

"Bei ni hiyo, ssebo," alisema Nusura kwa adabu ya Kiganda. "Nilishapunguza kabla hujaingia."

Ikabaki silaha ya mwisho. Kwao, mnunuzi akiondoka huitwa. Unampa muuzaji kisogo, unatembea polepole, na hujafika mbali utasikia: rudi, chukua, umeniua. Baba yake hakuwahi kukosa kuitwa. Alirudi nyumbani na kikwembe begani kama mtu aliyeteka mji.

"Twende," alisema Elie, akatoka.

Annick hakutoka. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imekatika tena, akainama kuifunga.

Elie alipita kwa muuza vitunguu akitembea kama bwana harusi. Kimya. Akasimama kwenye maparachichi, akalishika moja asilolitaka. Kimya. Dereva wa boda boda akamsogelea.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Basi toka njiani."

Kule dukani Annick aliinua kichwa. "Mama, humwiti?"

"Nimwite wa nini? Ana miguu, ameondoka nayo."

"Kwetu mtu akiondoka huitwa."

"Na kwetu, kumwita aliyekupa kisogo ni kuomba. Babu yangu aliuza vitambaa mji huu mpaka akazikwa, hakumkimbilia mtu."

Annick akachungulia. Kaka yake alikuwa bado ameshika parachichi, shingo imenyooka kama mlingoti. Alimjua. Hatageuka. Atasimama pale mpaka soko lifungwe, kisha aende nyumbani kutangaza kwamba Kampala haina vitambaa, na mama atarudi benchi lake la mwisho. Na hapo mlangoni mwanamke mwingine alikuwa ameshaanza kupapasa pindo la wale tausi.

Annick akafungua pochi. Mlikuwa na pesa za viatu, alizozipata kwa kusuka watu nywele. "Nikikuongezea kinachopungua, yeye akalipa bei yake, utamwita?"

Nusura akamtazama. "Unalipia kitambaa au kaka?"

"Kitambaa. Kaka nilipewa bure, na hakuna pa kumrudisha. Ila uite kwa nguvu, na useme amekuua."

"Hilo la kuua silisemi." Nusura akazichukua, akatengeneza mtandio wake, akasimama mlangoni. "Kijana wa Kongo. Haya, njoo uchukue. Umenishinda."

Elie hakugeuka. Alitaka kuitwa tena.

"Hii ya pili," Nusura alimwambia Annick, "ni nyongeza." Akaita tena.

Elie akarudi, akalipa, na hakuishia hapo. "Unaona, mama? Biashara ni maneno. Nyinyi wa hapa mnahitaji kufundishwa tu."

"Ahsante, mwalimu," alisema Nusura akifunga kifurushi.

Siku ya Noeli waliingia kanisani wote kijani. Marie-Jeanne alipita katikati, polepole, akakaa benchi la mbele, na waliozoea kunong'ona wakatafuta kurasa za nyimbo. Baada ya ibada Elie alisimama uani akisimulia. Kufikia msikilizaji wa tatu, Nusura alikuwa amemkimbilia peku hadi mtaa wa Mulago. Kisha macho yake yakaangukia miguu ya dada yake.

"Annick, viatu hivyo vya kamba sikukuu? Kununua ni akili, dada yangu. Mwakani nitakufundisha." Akaenda kumtafuta msikilizaji wa nne.

Mama alivitazama viatu. "Ulimwongezea muuzaji nyingi?"

Annick akashtuka. "Ulijua?"

"Unadhani baba yenu alikuwa akiitwa bure? Miaka yote ile nilibaki nyuma nikifunga kamba ya kiatu."

Annick alimtazama kaka yake, ambaye sasa alikuwa akionyesha namna alivyolishika parachichi.

"Mwakani simwiti, mama. Nitamwacha atembee mpaka afike huko Mulago anakosema."

"Na kikwembe?"

"Tutakinunua sisi wawili. Na kwanza tutapita kwenye viatu."