Barafu Iliyochoka Kungoja

Matonya alikuwa Mgogo asiyejua kuficha neno, ila mbele ya Bi Kuluthumu wa Kondoa ulimi wake ulikuwa mzito. Bibi huyo alikuwa mama wa Mbwana, mpagazi mwenzake na mtani wake, aliyekufa kwa baridi juu ya Kilimanjaro walipombebea mizigo Mjerumani mmoja. Matonya ndiye aliyemzika, maana mtani hazikwi na mtu baki mtani wake akiwapo. Akampangia mawe hatua moja kutoka kwenye barafu, akarudi akasema hivyo hivyo. Afadhali angedanganya. Kwa miaka kumi na minne mama hakupata raha, akimwaza mwanawe ubavuni mwa maji yaliyoganda kama jiwe.

Mwaka 1912 Mjerumani mwingine, mpima milima, akatafuta wapagazi. Kuluthumu akamwita Matonya.

"Nenda, mwanangu. Kanitazamie mwenzako yu hali gani."

Huko juu Matonya aliufuata ukingo wa barafu kutwa nzima, mawe hayaonekani. Barafu imemmeza! Atamwambia nini mama wa watu? Akakaa kitako akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Ndipo akili ya kwao ikamjia. Ugogo, kiangazi kikikaza, maji ya mto wa mchanga hurudi nyuma, na anayetafuta kisima cha mwaka jana hafuati unyevu wa leo. Barafu nayo ni maji. Akashuka, akihesabu hatua. Ya mia na ishirini ikamfikisha kwenye mawe yake, makavu, yamepata moto wa jua. Pembeni palikuwa pameanza kuota nyasi.

Alifika Kondoa na vumbi la safari mwilini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemwona?"

Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya adabu. Yote yakamtoroka, ukabaki utani.

"Nimemwona. Mama, mwanao alikuwa mvivu wa kuamka, wapagazi wote tunajua. Barafu imemngoja, imemngoja, imechoka, imejiendea zake juu. Imemwacha amelala juani."

Kuluthumu alicheka mpaka akashika mbavu. Matonya naye akacheka, kwa hofu kidogo.

"Juani?" mama akauliza.

"Juani, mama. Nimeyashika mawe yake, yana joto."

Kuluthumu akajifunika kanga usoni.

"Ahsante, baba. Sasa niache nimlilie kama wanavyoliliwa wafu wengine."